Jina la Baba Mkwe Linauzwa

"Ruti, si wewe mwenyewe uliyenipa hili jina?"

Hapo ndipo tulipoachana, na hasira zenu nimezipata. Mama mmoja wa Mlowo amenitumia ujumbe akitaka nimpige Lusubilo kibao hapa hapa gazetini. Kijana wa Vwawa yeye anasema mwenye kosa ni Ruti, na kwamba mimi nimembeba tangu mwanzo kwa sababu ni mzuri. Jamani, subirini. Hata mimi ninayeisimulia sijajua bado nimkasirikie nani.

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nakupa kwa kifupi halafu twende. Ruti ni mke wa Amoni, muuza kahawa ya kukaanga pale Tunduma. Kahawa inatoka Mbebe, Ileje, kwenye shamba la baba yake Amoni, na imepewa jina la mzee huyo: Alinanuswe. Jina hilo liko kwenye kila pakiti na limesajiliwa kama alama ya biashara. Wateja wa Ndola na Lusaka wakitaka mzigo wanaliandika kwenye simu zao, tovuti inafunguka, wanaagiza.

Sasa hilo jina la tovuti, domeni kama wanavyoliita watu wa kompyuta, liliandikishwa na Lusubilo. Ni rafiki wa Amoni tangu wakiwa watoto wa Mbebe, mwenye duka la steshenari karibu na mpaka. Aliliandikisha kwa jina lake mwenyewe. Na asubuhi hii alikuwa analiuza kwa Zabron.

Zabron ni yule anayesaga kahawa kidogo na mahindi mengi yaliyoungua, halafu anafunga kwenye pakiti ya kupendeza. Kila kitu anacho, mashine anazo, magari anayo. Alichokikosa ni jina ambalo mtu akilisikia anaamini.

Basi Ruti alikuwa amesimama katikati ya duka la steshenari, Lusubilo kwenye kompyuta, Zabron pembeni yake kavuta kiti. Swali lile la Lusubilo lilikuwa bado linaning'inia hewani. Ruti alisikia mtu anapumua nyuma yake, akageuka. Mumewe alikuwa mlangoni.

Amoni hakuja kumpeleleza mkewe. Alikuwa ametoka kuzungumza na mteja wa Ndola aliyempigia na kumuuliza kwa upole wote wa Kibemba, "Ba Amoni, mukwai, ni kweli mmeuza biashara?" Kumbe Zabron alikwisha kuanza kuwatangazia watu wa ng'ambo kwamba oda zote sasa zitapitia kwake. Amoni akaacha duka wazi, akaja mbio. Alichokikuta ni swali la Lusubilo na ukimya wa mkewe.

"Ni kweli?" aliuliza.

Mwanamke mwingine angekana kwanza, maelezo baadaye. Ruti hajui kudanganya, na hilo limemponza toka sehemu ya kwanza ya hadithi hii.

"Ni kweli nilimpa," alisema. "Lakini sikumpa ili..."

Amoni hakuisubiri ile lakini. Alimtazama Lusubilo, akamtazama Zabron, akatoka nje. Mlango wa pikapu ulisikika ukifungwa. Hakuondoka, alikaa ndani ya gari akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

Wewe ungefanyaje? Ungemkimbilia mume, au ungebaki kupigania kilichokuleta? Ruti alibaki. Alitoa simu, akautafuta ujumbe wa sauti aliomtumia Lusubilo siku ile ya kuandikisha, akaufungua kwa sauti kubwa ili hata Zabron asikie.

Sauti yake mwenyewe ikatoka kwenye simu, ya haraka haraka, yenye haya. "Shemeji, hilo jina la baba we andikisha tu. Mimi usiniweke. Weka lako, Amoni akirudi mtabadilisha."

"Umesikia," Ruti alimwambia Zabron. "Nilimwambia alishike kwa muda. Sikumpa."

Zabron alikuna kidevu. Akaomba ujumbe urudiwe. Ukarudiwa.

"Jina la baba," alisema. "Baba yupi? Mimi nina baba, wewe una baba Ihanda, huyu naye ana baba. Watu wa sheria watauliza lilikuwa jina gani, na humu ndani halimo. Litaje basi, tukusikie."

Ruti alifumbua mdomo. Akaufunga.

Na hapa, wasomaji wa pwani na wa kanda ya ziwa, mnisamehe nieleze jambo ambalo watu wa Ileje wameshalielewa na wanatikisa vichwa. Ruti ni Mnyiha wa Ihanda aliyeolewa kwa Wandali, na katika ukoo ule mke wa mtoto hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hamtazami usoni wala hali naye sahani moja, na akikutana naye njiani anapisha pembeni na kuinama mpaka mzee apite. Vijana wengi siku hizi wamelegeza. Wapo wanaopiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, wanazituma mtandaoni na vikopakopa. Ruti hakulegeza hata kidogo. Mtu aliyeolewa ugenini mara nyingi huzishika mila za watu kuliko wenyewe waliozaliwa nazo, kwa sababu anajua anatazamwa.

Dukani mteja akisema nipe Alinanuswe pakiti kubwa, Ruti anajibu, "Ya baba ipo." Mwanawe wa kwanza amepewa jina la babu yake, naye anamwita Babu. Kanisani wakiimba nyimbo za Kindali, neno lile linapofika kwenye kiitikio, maana kwa Kindali ni kusema Mungu yu pamoja nasi, wenzake wanapaza sauti. Yeye anafumba mdomo na kuguna mpaka lipite.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeachiwa kazi ya tovuti, Amoni akiwa safarini Zambia. Lusubilo alimpigia akiwa mbele ya kompyuta. Akamwambia hapa panatakiwa jina la mmiliki, nikuandike wewe? Yeye, mkwe, aandikwe mmiliki wa jina la baba mkwe wake, mahali ambapo dunia nzima inaweza kufungua na kusoma? Akakata simu, akatuma ule ujumbe wa sauti. Amoni aliporudi aliona aibu kumweleza. Kesho akaona aibu zaidi. Tovuti ikawa inafanya kazi, oda zikawa zinaingia, na jambo likalala.

Kijana wangu wa Vwawa, hilo ndilo kosa lenyewe. Niambie sasa kama unalo jiwe la kumtupia.

"Umeona?" Zabron alisema. "Hata kulitaja hawezi. Lusubilo, malizia tuondoke. Tunduma hii kila kitu kina bei, na mimi yako nimeikubali."

Lusubilo hakugusa kompyuta. Alikuwa anamtazama Ruti, na nitawaambia alichokuwa nacho usoni. Kilikuwa kinyongo cha mtu aliyekikalia kwa muda mrefu mpaka kikamuumiza mwenyewe.

"Siku ya kuzindua mashine ya kukaangia ulikuwepo," alimwambia. "Lile jani lililoko kwenye pakiti nimelichora mimi. Tovuti nimeitengeneza mimi, na mumeo aliniambia tutakuwa pamoja humu. Siku hiyo alisimama akawashukuru watu wote. Alimtaja mpaka fundi wa umeme. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na madereva, nasubiri nisikie jina langu."

"Angekuambia kama ungemuuliza."

"Mtu anaulizia kutajwa?"

Ruti alikumbuka siku ile. Alimwona Lusubilo amekaa nyuma, akadhani amechelewa kufika.

Zabron alichoka na habari za majani na mashine. Akasema kwa sauti ya chini kwamba akitoka pale bila jina, hatarudi tena, na watu atakaowaeleza kwamba Lusubilo ni mtu wa kuvunja maneno ni wengi. Lusubilo akaigeukia kompyuta, akabonyeza hapa na pale, akakunja uso.

"Mtandao umekata," alisema. "Namba ya siri ya kuhamishia haiji. Mpaka mchana."

Ruti aliitazama ile taa ndogo ya kifaa cha mtandao iliyokuwa ukutani. Ilikuwa inawaka na kuzima, kijani, haina tatizo lolote. Zabron alikuwa ameipa mgongo. Ruti akanyamaza, akageuka kutoka.

"Ruti," Lusubilo alimwita.

Si shemeji. Tangu aolewe alikuwa anamwita shemeji, na asubuhi ile ilikuwa mara ya pili kumwita kwa jina.

"Sikutaka liangukie kwako," alisema.

Nje, Amoni alimfungulia mlango wa pikapu bila kumtazama. Akamwambia apande, wanakwenda Mbebe. Mzee alikuwa mwenye jina, asikie mwenyewe.

"Na baba akisema umemuuza," aliongeza, "nakupeleka Ihanda leo hii. Watoto watabaki."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Ruti. Amoni wa kelele alimzoea, kelele zake huisha kabla ya chakula. Huyu wa sauti ya chini hakuwahi kukaa naye.

Walipita foleni ya malori mpaka Mpemba. Walipoiacha barabara kuu na kushika ya Ileje, Amoni alimpigia wakili Conjesta, mwenye ofisi yake Vwawa, akaiweka simu kwenye dashibodi kwa sauti ya wazi. Wakili alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akawaeleza, na mimi nawaelezea kwa lugha yetu.

Alama ya biashara ilisajiliwa kwa jina la mzee mwenyewe, kwa hiyo hakuna mtu anayeruhusiwa kulichukua jina lile mtandaoni na kuwauzia wengine ili wajifanye ndio yeye. Malalamiko yakipelekwa, kuna namna ya kuomba lifungiwe lisihame mpaka kesi isikilizwe. Lakini Lusubilo atajitetea kwamba alipewa ruhusa, na aliyempa ni mkwe wa mzee, tena hadanganyi. Kila kitu kinasimama juu ya huyo mkwe.

"Nahitaji aseme mwenyewe alimpa jina lipi na alimpa ili afanye nini," alisema Conjesta. "Namrekodi leo, kiapo atakuja kusaini. Likishahamia kwa Zabron, naye akalipeleka ng'ambo, tutalifukuza mpaka tuchoke."

"Tutakupigia tukifika," Amoni alisema.

"Huyo shahidi si ndiye yuko na wewe hapo?"

Amoni alikata simu. Alijua, kama Ruti alivyojua, kwamba Ruti kurekodiwa habari ya jina la mzee kabla mzee hajaambiwa ingekuwa kosa juu ya kosa. Kwa hilo peke yake bado walikuwa mume na mke wanaoelewana.

Wanawake wa Mbebe walikuwa shambani, na mji ulikuwa kimya. Mama Gwantwa, mama yake Amoni, alitoka jikoni akifuta mikono. Aliona sura ya mwanawe, akaona Ruti ameshuka upande wa pili wa gari na kubaki huko huko, akajua. Alimshika Ruti mkono, akampitisha nyuma ya stoo ya kahawa, mahali anapokaa siku zote mzee akiwepo.

Mzee Alinanuswe alikuwa mbele ya stoo hiyo hiyo, kwenye vichanja, anachambua kahawa iliyoanikwa. Kati yake na mkwe wake ulikuwa ukuta wa matofali ya kuchoma. Ndivyo walivyoishi tangu Ruti aolewe, wakipelekeana maneno kupitia kwa Mama Gwantwa. Mzee hajawahi kumwona Ruti vizuri usoni, lakini anaijua sauti yake akicheka jikoni, na mara nyingi amechelewa kuondoka penye vichanja kwa sababu ya kuisikiliza. Hilo Ruti halijui. Nimewaambia ninyi tu.

Amoni alisimulia yote. Sitamsingizia, alisimulia kwa haki, isipokuwa pale mwisho aliposema, "Mke wangu ameshirikiana naye, baba. Amekubali mwenyewe kwamba ndiye aliyempa."

Mzee alichambua kahawa mbovu, akaitupa, akachambua nyingine.

"Nasikia habari za Lusubilo," alisema. "Nasikia habari za Zabron. Za huyu mtoto wa Ihanda nazisikia kwako. Mwenyewe anasemaje?"

Mama Gwantwa aliinama sikioni mwa Ruti. Ruti akamweleza kwa kunong'ona, taratibu, kuanzia simu ya Lusubilo mpaka ujumbe wa sauti. Alipofika penye kuandikwa mmiliki alishindwa, machozi yakatoka. Mama Gwantwa alimwacha alie kidogo. Halafu akapaza sauti kuuvuka ukuta.

"Anasema aliona vibaya kuandikwa mwenye jina lako. Aliona ni kukuvunjia heshima. Ndiyo maana akasema aandikwe Lusubilo."

Amoni alikaa juu ya gunia. Hili hakuwa amelisikia. Mkewe alitaka kumwambia dukani, na yeye akatoka.

Ndipo simu yake ikaita. Conjesta alikuwa amechoka kungoja. Alisema malalamiko yako tayari mezani kwake, kilichobaki ni sauti ya shahidi, na kama bado wanazungumza ya kifamilia basi wazungumze baada ya kumpa dakika moja.

Amoni alimpelekea Ruti simu nyuma ya stoo. Ikakwaruza na kukatika. Wanaoijua Mbebe wanajua kwamba nyuma ya ile stoo hakuna mtandao, unashika penye vichanja tu. Ikabidi Ruti asogee mpaka kwenye pembe ya ukuta, mkono ulioshika simu ukiwa upande wa mzee, na mwili wake upande wake. Alipiga magoti hapo. Amoni alisimama karibu naye, safari hii si kwa ukali.

Wakili alipiga tena, akamtaka aseme yeye ni nani. Akasema. Alimuuliza kama alizungumza na Lusubilo. Akasema ndiyo, akaeleza yote, vizuri, bila kugugumia, mpaka nikamwonea fahari.

"Sasa," alisema Conjesta, "jina ulilomwambia aliandikishe lilikuwa lipi?"

"La baba."

"Baba yupi?"

"Baba mkwe wangu."

"Mama Ruti, nakuelewa, mimi pia nimeolewa. Lakini nikipeleka hivi, watanirudishia. Litaje."

Ruti alimtazama Mama Gwantwa. Mama mkwe wake alikuwa ameinamia chini, ameuficha uso kwa kanga. Hakusema taja na hakusema usitaje. Kwa mwanamke aliyekaa na desturi ile maisha yake yote, kukaa kimya tu kulikuwa kumsaidia sana.

Niwaambie alichoogopa Ruti, maana msije mkadhani aliogopa mapepo. Aliogopa kwamba akilitaja, hatakuwa tena yule mkwe aliyejijenga kwa miaka yote, anayesifiwa hata na mawifi wasiompenda. Akinyamaza, atabaki mkwe mwema, na kesho atakuwa mkwe mwema aliyerudishwa Ihanda bila watoto wake, na jina alilolikwepa kwa heshima litakuwa limebandikwa kwenye mahindi ya Zabron.

Alifumba macho.

"Alinanuswe," alisema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Iliupita ukuta, ikapita juu ya vichanja.

Na upande wa pili, mzee akaitika.

"Naam."

Aliitika kama anavyoitika mtu aliyeitwa na mtoto wake akiwa shambani. Wote walisikia mikono yake ikikung'uta maganda, kisha hatua zake. Ruti alitaka kuinuka akimbie, lakini alikuwa amechelewa. Mzee alizunguka pembe ya stoo, akasimama mbele ya mkwe wake aliyepiga magoti, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Umeniita, nimekuja," alisema. "Jina langu halina kidonda. Watu wamelinywa kwenye vikombe mpaka Lusaka, ndiyo liharibike kwa kutamkwa na wewe? Inuka."

Ruti hakuweza kuinuka kwa kilio, ikabidi Mama Gwantwa amwinue. Amoni alikuja akamshika bega. Alimwambia neno moja, nisamehe, na akalirudia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaweka kalamu chini ili niwaachie muda wafurahi.

"Amoni?" Sauti ya Conjesta ilitoka kwenye simu iliyokuwa imeangukia kwenye kahawa. "Upo?"

Amoni akaiokota. Akamwambia kwa furaha kwamba shahidi amesema, sasa afunge hilo jina mara moja.

"Nilikuwa nalifungua hapa nichukue jina la anayelimiliki, nimwandike kwenye malalamiko," alisema wakili. Alikuwa anazungumza polepole sasa. "Lusubilo hayumo tena. Limehamishwa asubuhi hii, wakati nyinyi mko njiani."

Mzee alikaa chini. Mama Gwantwa akaweka mkono kichwani.

"Kwa Zabron," alisema Amoni.

"Si Zabron."

"Kwa nani basi?"

Wakili alisoma kama mtu anayehakikisha herufi.

"Mmiliki ameandikwa Ruti Haonga. Na chini kuna namba ya simu. Ndiyo ile ile ninayompigia mkeo kila tukiwa na kikao cha akina mama. Sasa naomba mniambie ukweli, kwa sababu kwenye rekodi nimemwandika shahidi wa kumlalamikia mtu, na hapa anaonekana ndiye mwenye mali. Haonga ni nani?"

Haonga ni ubini wa baba yake Ruti. Ndilo jina aliloitwa akiwa binti Ihanda, kabla ya harusi, kabla Lusubilo hajamshika mkono kwenye mkutano wa vijana wa kanisa na kumpeleka kumjulisha kwa rafiki yake Amoni. Kwenye duka, kwenye kadi ya kanisa, kwenye simu ya kila mteja, anajulikana kwa jina la mumewe.

Mkono wa Amoni uliondoka begani kwa Ruti.

Alikata simu. Mbele ya baba yake na mama yake, kwa ile ile sauti ya chini ya asubuhi, akamuuliza mkewe.

"Tangu nikuoe hakuna mtu anayekuita Haonga. Lusubilo bado anakuita hivyo?"